Chupa ya Corbin

Bi Opal Ratliff hatupi kitu. Ukimpelekea keki imefunikwa kwa foili, foili ataiosha, ataikunja, na Krismasi utaiona imefunika keki ya mtu mwingine. Friji yake imejaa chupa za kioo zenye mdomo mpana: maharage mabichi, pichesi, mchuzi wa nyama, chai ya barafu. Kila chupa ina utepe mweupe ulioandikwa kilichomo na siku kilipoingia. Hapa Laurel Gap, mji wetu mdogo wa Marekani, wanawake wote wa umri wake hufanya hivyo, lakini yeye amezidi. Siku moja nilikuta chupa imeandikwa “Maji ya tambi, labda.”

Mimi ni Nedra, mwenye duka la mashine za kufulia karibu na posta, watu huja na nguo zao wakalipia kufua. Mwaka jana niliweka dukani kasha la vijikaratasi vya kupimia fentanili, ile sumu inayochanganywa kwenye unga wa kulevya siku hizi na kutuzikia vijana. Kabla ya hapo ukivitaka ulilazimika kwenda ofisi ya afya ya kaunti, umweleze shida yako dada wa dirishani, na dada wa dirishani ni binamu ya kila mtu. Ukirudi nyumbani mama yako keshajua. Basi nikaomba vya kwangu, nikavitoa bure, pamoja na ile dawa ya kupuliza puani inayomzindua aliyezidiwa. Kasha nikaliweka dirishani ili kila mtu alione.

Kweli, kila mtu aliliona, na hakuna aliyeligusa. Ng'ambo ya barabara kuna kinyozi, na nje ya kinyozi kuna benchi, na kwenye benchi kuna wazee watatu wasio na hata unywele wa kunyoa. Kazi yao ni kuangalia nani anaingia wapi.

Bi Opal alipokuja na kikapu chake cha nguo alisimama mbele ya kasha, mikono kiunoni.

“Nedra, umefungua duka la mateja sasa?”

“Nimeweka karatasi tu, Bi Opal. Unga wanao wenyewe.”

“Na umeliweka dirishani kama keki ya harusi. Nani atakuja kuchukua hapo na Delbert na wenzake wa benchini wamekodoa macho? Wewe shuleni ulikwenda kufanya nini?”

“Haya, niliweke wapi?”

“Chooni. Mtu akienda chooni haulizwi anakwenda kufanya nini.”

Nikalipeleka chooni, na vijikaratasi vikaanza kuisha. Nikaona pia kwamba Bi Opal, ambaye hukaa ibada nzima na mahubiri ya nyongeza bila kutikisika, sasa hawezi kufua nguo bila kwenda haja. Mjukuu wake Corbin alikuwa akiishi chumba cha chini ya nyumba yake tangu alipoumia mgongo kwenye kiwanda cha mbao, na mji mzima ulijua anatumia unga. Bi Opal alikuwa akituambia kijana ana mafua. Mafua ya miaka mitatu. Na wao wawili, wanaokula meza moja kila siku, hawakuwahi kulitaja jambo hilo hata mara moja.

Sasa Jumanne ile asubuhi Bi Opal aliingia dukani anang'aa uso. Akatupa nguo kwenye mashine bila kutenganisha nyeupe na za rangi, nami nikajua kuna habari.

“Nedra, njoo hapa. Wewe ni mtu wa siri?”

“Hapana.”

“Najua, lakini sina mwingine.” Akaniinamia sikioni. “Nilikuwa nakusanya nguo chumbani kwa Corbin wakati amelala. Nikakuta kipakiti chake kwenye soksi. Nikakipima kwa vile vikaratasi vyako. Mstari mmoja! Mmoja tu, mwekundu, wazi kabisa. Mungu ni mwema. Kumbe unga wake hauna sumu.”

Nikamwomba arudie, naye akarudia vilevile, anatabasamu.

“Bi Opal, nani alikwambia mstari mmoja maana yake hamna?”

“Nani aniambie? Kipimo cha korona si hivyohivyo? Na cha mimba si hivyohivyo? Binti zangu wanne, hivyo vipimo nimevisoma kuliko Biblia. Mmoja hamna, miwili ipo.”

“Hivi ni kinyume. Miwili ndiyo hamna. Mmoja maana yake sumu ipo. Imeandikwa kwenye pakiti.”

“Sikuwa na miwani,” alisema Bi Opal, na tabasamu likamtoka taratibu.

Tukaacha mashine inazunguka, tukaingia kwenye gari langu. Njiani nilimuuliza alichukua unga kiasi gani cha kupimia, nikiomba awe amemaliza wote.

“Wote. Si mmesema uyeyushwe kwenye maji?”

Nikashusha pumzi, karibu nicheke. “Basi ukamwaga?”

Akageukia dirisha la gari.

“Bi Opal. Ukamwaga?”

“Kitu cha mtu nimwage kwa nini?” alisema kwa sauti ndogo. “Nilidhani ni salama. Nimeuweka kwenye friji.”

“Kwenye chupa?”

“Kwenye chupa. Lakini nimeandika juu. Mchungaji huja kunywa chai, asije akakosea.”

Nilikanyaga mafuta. Corbin akiamka hufungua friji na kunywa chochote kilicho baridi, na siku hiyo angeamka na arosto, mwili unadai unga, na soksi haina kitu. Bi Opal alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili na midomo yake ilikuwa ikisali. Sikumtania tena mpaka tulipofika.

Tulimkuta jikoni. Alikuwa amekaa mezani amevaa sweta mbili, jasho linamtiririka, na magoti yake yanatetemeka mpaka meza inatetemeka nayo. Mbele yake ilikuwa chupa, kifuniko kimefungwa.

Bi Opal akashika fremu ya mlango. “Umekunywa?”

Corbin alikuwa ameishika chupa, anasoma utepe. “Ya Corbin. Jumanne.” Akainua macho. “Bibi, umeiweka kati ya pichesi na mchuzi.”

“Ningeiweka wapi? Ni yako.”

“Ulijua tangu lini?”

“Soksi zako anafua nani? Na foili yangu inaishaje, kama si wewe unayechomea unga, wakati sijaoka kitu tangu Pasaka? Mimi ni mzee, si gogo.”

“Mbona hukuniuliza?”

“Ungenidanganya.”

“Kweli,” alisema Corbin. Akafuta jasho kwa mkono wa sweta. “Umeipima, sivyo? Ilitoa mistari mingapi?”

Bi Opal akaniangalia mimi, kisha akamwangalia yeye. “Mmoja. Nami nikafurahi, mwanangu. Nilifurahi.”

Corbin akaiachia chupa kana kwamba imemchoma.

“Nilikuwa nimeamua kuinywa,” alisema. “Nilijua ni nini mara nilipoiona. Nikasema liwalo na liwe. Halafu nikaona jina langu, kwa mwandiko wako. Umeandika na siku, Bibi, kama maharage.” Alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na Bi Opal akamshika kichwa akakiegemeza tumboni kwake.

Ni Corbin mwenyewe aliyesimama kwenda kuimwaga. Alifungua kifuniko juu ya sinki, na mkono wake ukabaki pale, chupa imeinama nusu, maji hayajatoka. Nilitaka kumnyang'anya. Bi Opal alinishika kiwiko kwa nguvu nisisogee. Mwishowe aliimwaga, akafungulia bomba.

“Sasa nisikilize,” Bi Opal alimwambia. “Sikwambii uache leo. Nimekuombea miaka mitatu, naona huko juu kuna foleni. Nesi wa ofisi ya afya ya kaunti atakupokea utakapokuwa tayari, nami nitakupeleka. Lakini mpaka hapo, usitumie peke yako. Ukishindwa, pima, na hata ikitoa miwili usijidai. Kisha gonga dari kwa ufagio, nami nitashuka na dawa ya puani.”

“Ushuke ufanye nini?”

“Nikuangalie unavyopumua. Ulipozaliwa nilifanya hivyohivyo, na sikuchoka.”

Corbin aliinamisha kichwa. Mimi nilidhani asingegonga kamwe. Mwanamume wa miaka ishirini na sita, amgongee bibi yake?

Ijumaa mchana nilikuwa jikoni kwa Bi Opal nakunywa chai, naye ananisimanga kwamba biskuti zangu zinafaa kuzuia mlango. Sakafu ikagongwa chini ya miguu yetu, mara mbili, polepole. Bi Opal akaweka kikombe, akachukua dawa ya puani na kitambaa anachofuma, akafungua mlango wa chumba cha chini na kuanza kushuka ngazi, mkono ukutani.

“Nakuja,” alisema. “Usianze bila mimi.”