Mfuko wa Mzee Lwitiko

Tangu Jumapili Redempta hakukalika. Akikaa anasimama, akisimama anatazama simu, na simu ikiita anaomba asiwe Urbano. Urbano, mfanyabiashara wa Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika, alikuwa ameagiza mifuko mia tatu ya unga wa ulezi wa kuvusha Zambia, na boti ingeondoka Jumamosi jioni. Mifuko ilikuwa tayari, imepangwa mpaka dirishani katika kiwanda chake kidogo mjini Sumbawanga. Tatizo lilikuwa ndani ya mifuko: mchanga.

Si mwingi, lakini jino halidanganyiki. Tangu oda ziongezeke, ulezi alioununua kwa wakulima wa Mwimbi ulitoka kwenye gunia ukaingia mashineni moja kwa moja, bila kuoshwa, na ulezi uliopurwa chini hauji bila udongo. Wateja wawili walikwisha kulalamika. Unga huo ukifika Zambia, jina lake lingezama kabla ya boti kurudi.

Na mshauri alikuwa naye! Mzee Lwitiko, mfanyabiashara mstaafu aliyehamia kutoka Mbeya, alikuwa akimwelekeza kwa miaka miwili bila kudai hata asante. Kila mwezi Redempta alikwenda kwake, akaamkia, akasema mambo ni mazuri. Utaanzaje kummwagia mzee wa watu matatizo sebuleni kwake? Tena hakwenda hivi hivi, maana mkono mtupu haulambwi. Alimbebea mfuko ulioandaliwa na mama yake, Bertilla: ulezi ulioshwa nyumbani maji matatu, ukaanikwa juu ya turubai, ukapepetwa mpaka ukang'aa, ndipo ukasagwa. Mzee alikunywa uji, akausifu, akamhimiza apanue soko. Ni yeye aliyemtafutia Urbano.

Heshima gani hiyo, kumwomba mtu akuonyeshe njia huku umemfunga kitambaa machoni?

Jumatano asubuhi Redempta alichomoa mfuko mmoja kwenye lundo la Kasanga, akaenda nao. Mke wa mzee, mama Asifiwe, akapika uji wa unga huo. Mzee akapiga funda la kwanza, taya zikasimama.

Redempta aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akaeleza yote huku akitazama sakafu: mchanga, wateja, boti. Mzee hakugomba. Aliuliza tu ule unga wa siku zote aliuandaa nani, na alipojibiwa akaweka kikombe mezani taratibu.

"Kumbe miaka miwili nimekuwa nikiishauri kampuni ya mama yako," alisema. "Ya kwako ndiyo kwanza naionja leo."

"Nifanyeje, mzee?"

Katika miaka yote hiyo, hilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Mama yako, mkimsaidia, anaweza kutoa mifuko mingapi kufikia Jumamosi?"

Redempta alipiga hesabu kichwani. Arobaini.

"Basi mpigie Urbano. Mwambie arobaini, na mwambie kwa nini."

Alitoka uani kupiga simu. Urbano alifoka, akasema hiyo arobaini ataipokea, ila iliyobaki atampa mtu mwingine. Maneno yalimchoma, wala hakujifanya hayajamchoma.

Aliporudi alisimama mlangoni, mguu ndani, mguu nje, tayari kuaga. Mzee alikuwa bado anakunywa uji ule ule wenye mchanga, anatafuna polepole.

"Kaa, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Kingine ulichonificha ni kipi?"

Redempta akavuta kiti, akakaa.