Aliyedokoa

Fundi cherehani alikuwa na kisasi, na alikilea vizuri kuliko watu wengine wanavyolea watoto wao. Alilala nacho, akaamka nacho, akakiketisha kando ya cherehani kila asubuhi huku akikata vitambaa vya watu. Mteja akimuuliza mbona leo umenuna, alijibu kwamba macho yanamuuma. Macho yake hayakuwa na tatizo lolote.

Kisasi chenyewe kilikuwa dhidi ya mtu mmoja, Profesa. Jina hilo alijipa mwenyewe, maana hakuna chuo kilichowahi kumfahamu. Alikuwa akizunguka miji akiuza unga wa kijani wa kunywa asubuhi na jioni, ambao kwa maneno yake uling'oa kisukari na mizizi yake. Yeye mwenyewe, alisema, kisukari kilimtesa mpaka akaaga ndugu, akapona kwa unga huohuo. Masharti yalikuwa mawili: usiuchanganye na dawa za hospitali, na usidokoe kitu kitamu. Mama yake fundi aliyashika yote mawili. Akaweka kando sindano zake za insulini, akanywa unga, akawaambia majirani kwamba anajisikia mwepesi. Kidonda kidogo kikamtoka kwenye kidole cha mguu, kikawa cheusi, na madaktari wakamkata mguu chini ya goti.

Hilo pengine fundi angelimeza. Lililomkaa kooni ni lililofuata. Mama alipotoka hospitali, Profesa alimtumia salamu kupitia kwa mwenyekiti wa kikundi cha wagonjwa wake: dawa haikushindwa, mgonjwa ndiye aliyedokoa. Mama akakaa kitandani akilitafuta kosa lake, akalipata. Kipande cha keki, harusini kwa jirani, kidogo tu, wala hakukimaliza. Alirudia sindano zake kama daktari alivyoagiza, lakini tangu siku hiyo aliwaambia watu wote, hata wasiouliza, kwamba mguu aliukata yeye mwenyewe kwa ulafi.

"Mama, keki haikati mtu mguu," fundi alimwambia.

"Nilionywa, mwanangu. Nilionywa nikajitia hamnazo."

Usiku mama alilia taratibu, akidhani hasikiki, na ukuta kati yao ulikuwa mwembamba. Fundi hakutaka Profesa afe, ingawa siku nyingine hilo nalo lilimpitia kichwani. Alitaka aseme kwa kinywa chake, mama akisikia, kwamba kosa halikuwa lake. Alitaka hilo tu, na alikuwa tayari kufanya lolote alipate.

Basi siku moja mlango wa duka ukasukumwa, akaingia Profesa mwenyewe, tumbo mbele, manukato nyuma. Hakumjua fundi ni binti wa nani, kwa kuwa mama alikuwa akienda kwenye kikundi peke yake. Alitaka koti jipya la mkutano mkubwa wa wagonjwa, akaleta la zamani liwe kipimo.

"Na hapa ndani, binti, chini ya kwapa, nitilie mfuko mrefu mwembamba. Kitambaa kizito, watu wasione umbo."

"Wa kuwekea nini, mzee?"

"Kalamu. Mimi ni mtu wa kuandika."

Alipoondoka, fundi alilitandaza lile koti kuukuu mezani na kuanza kulipima. Chini ya kwapa kulikuwa na mfuko kama huo, umechakaa, na ndani yake palisahauliwa kifuniko cha plastiki cha rangi ya kijivu. Fundi alikitambua papo hapo. Nyumbani kilikuwepo kingine kama hicho, mlangoni mwa friji, kwenye kalamu ya insulini ya mama yake, ile sindano yenye umbo la kalamu. Akaketi chini sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa machozi ya furaha. Mtu aliyemnyang'anya mama yake sindano alikuwa akijidunga mwenyewe.

Ndipo akakumbuka jambo ambalo mama alipenda kulisimulia kwa kicheko zamani, kabla ya mguu. Kwenye kila mkutano Profesa hunywa soda nzima mbele ya watu kuonyesha kwamba amepona, na kila mara kabla ya soda hukimbilia chooni. "Kibofu cha Profesa kinaogopa watu," kina mama walikuwa wakitaniana. Kumbe kibofu kimesingiziwa bure.

Fundi akalishona koti kwa moyo wote. Mabega yakakaa, kola ikalala, vifungo vikanyooka. Mfuko wa ndani aliushona vizuri pande zote, lakini chini akaupiga bandi tu, ile mishono mirefu ya muda ambayo fundi huitia ili aje kuifumua. Hatia hakuisikia hata chembe.

Mkutano ulifanyika Jumamosi katika ukumbi wa shule, viti vya plastiki vimejaa mpaka mlangoni. Mama aliitwa kwa heshima zote na kuwekwa mstari wa mbele. Heshima hizo zilikuwa na sababu, na Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, hakuificha. "Utasimama, mwenzangu, uwaeleze ulivyodokoa, ili wengine wajifunze. Wewe ndiye mfano wetu." Mama akaitikia kwa kichwa huku akiminya gongo lake. Fundi aliyekaa kando yake akang'ata meno.

Profesa alikuwa mgeni wa Mwenyekiti tangu juzi yake, na wafuasi hawakumpa nafasi ya kupumua. Walilala sebuleni kwa Mwenyekiti, wakamsindikiza kila alikokwenda, wakimpigia makofi hata akikohoa. Alipopanda jukwaani uso wake ulikuwa umekauka na midomo imepasuka. Akagugumia maji glasi nzima. Kisha akainua mikono yote miwili juu kuwabariki watu wake, na mishono ya bandi ikafanya kazi yake. Kalamu ya insulini ikadondoka, ikabingirika, ikasimama ukingoni mwa jukwaa.

Fundi akaushika mkono wa mama yake, akisubiri zogo.

Profesa aliitazama ile kalamu. Halafu, na hapa lazima tumpe haki yake, kwa uongo yule bwana alikuwa hodari, akaiokota na kuinyanyua juu. "Mnaiona hii? Nimeichukua jana kwa mgonjwa. Nimemwambia, mwanangu, sumu hii inatosha!" Akaiweka chini, akaikanyaga kwa kisigino mpaka ikapasuka. Watu wakalipuka kwa vigelegele. Mwenyekiti akafuta machozi.

Wiki nzima ya kazi, na mtu amegeuza aibu yake kuwa sherehe. Lakini fundi alipoitazama ile dawa ikisambaa kwenye mbao, akili ikamrudia. Ile ilikuwa sindano yake ya leo. Na kwa jinsi alivyokuwa akilamba midomo, huenda hata ya jana hakupata mwanya wa kuidunga. Fundi akasimama juu ya kiti.

"Soda!" akapiga kelele. "Mbona soda hatujaiona?"

"Soda! Soda!" ukumbi ukaitikia.

Profesa akasema anakwenda msalani mara moja. Wafuasi wakacheka wakamzuia, leo hatoki mtu. Soda ikaletwa imeshafunguliwa. Akainywa polepole, jicho likitafuta mlango, na alipomaliza fundi alikuwa keshafika jukwaani na chupa ya pili mkononi. "Kwa wasioamini, Profesa," akamwambia kwa tabasamu tamu kuliko kilichokuwamo chupani. Akanywa na hiyo. Kisha mama akaitwa, akasimama kwa gongo, akasema yale ya keki mbele ya umati, sauti ikikatika, na Profesa akatikisa kichwa kwa huruma huku jasho likimchuruzika. Laiti asingetikisa kichwa. Mpaka hapo fundi angeweza kumsamehe kidogo.

Jioni ilikuwa bado mbali alipoanza kutapika. Walimbeba mpaka chumba cha nyuma nyumbani kwa Mwenyekiti, wakamlaza kitandani, chumba kikajaa watu na dua. Alikuwa akihema kwa kasi na kwa kina, kama mtu aliyepandisha mlima. Pumzi yake ilitoa harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Fundi aliijua harufu ile. Ndiyo iliyokuwa kinywani mwa mama siku walipomtoa kwa Mwenyekiti na kumkimbiza hospitali.

"Uchovu tu wa kazi ya watu," alisema Mwenyekiti, akikoroga unga wa kijani kwenye kikombe. "Kunywa dawa yako, Profesa."

"Hospitali," alisema Profesa. "Nipelekeni hospitali."

Watu wakatazamana, kisha wakatabasamu kwa upendo kabisa. "Anatujaribu," alisema mmoja. Mwenyekiti akamwinua kichwa, akammiminia unga mdomoni. "Wewe mwenyewe umetufundisha. Mgonjwa akiomba hospitali, ni ugonjwa unaosema, siyo yeye. Mshikeni asiinuke."

Wakamshika. Wakamshika kwa mikono laini ya watu wanaopenda, na hakuna mikono migumu kujinasua nayo kuliko hiyo. Macho yake yakazunguka chumba kizima, yakatua kwa fundi, kwa kuwa yeye peke yake hakuwa akitabasamu. Fundi akapenya, akapiga magoti kando ya kitanda, akamsogelea sikio.

"Ile kalamu ilikuwa yako. Mfuko niliushona mimi na kuufungua mimi."

"Nisaidie, binti."

"Unamkumbuka yule bibi wa mguu? Ni mama yangu. Yule pale mlangoni. Mwambie ukweli, nitaita gari."

"Nitakufa."

"Basi harakisha."

Hakuwa na huruma, na wala tusimtafutie. Alihesabu pumzi za yule mtu na kufurahia kila moja iliyomtoka kwa shida. Profesa akafumba macho, akayafumbua, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Mimi sikupona. Nina kisukari mpaka leo. Najidunga kila siku. Unga ule ni majani tu. Yule mama hakukosea kitu."

Fundi alikuwa ameisubiri sentensi hiyo miezi na miezi. Akainua kichwa aone itakavyowapiga watu.

Haikumpiga mtu. "Masikini, anaweweseka," alisema Mwenyekiti, akimpangusa Profesa midomo kwa leso. "Joto limempanda kichwani. Ongezeni unga."

"Ni kweli anachosema!" fundi akafoka. "Mpelekeni hospitali, atakufa huyu!"

"Na wewe nani wa kutufundisha, dada? Toka nje ya maombi ya watu."

Akajaribu kumvuta Profesa, wakamsukuma. Akapiga kelele, wakaimba kumzidi. Kwa mara ya kwanza siku ile akaogopa. Alichokitaka amekipata, kimesemwa kwa sauti, na hakuna aliyekuwa na masikio. Yule mtu angekufa mikononi mwa uongo wake mwenyewe, na kesho wangesema alidokoa.

Ndipo watu wa mlangoni wakaanza kupisha. Gongo lilikuwa likigonga sakafu. Mama alikuja mpaka katikati ya chumba, akasimama, akalipandisha gauni lake mpaka juu ya goti. Kigutu kilikuwa bado na ngozi nyekundu ya mshono.

"Leo mmeniita mfano," alisema. "Haya, nitazameni sawasawa. Mimi nilishikwa hivyohivyo, kwenye kitanda hichohicho, na wewe Mwenyekiti ndiye uliyeshika miguu. Ulishika yote miwili. Sasa nionyeshe wa pili."

Mwenyekiti akakiweka kikombe dirishani. Mmoja akauachia mkono wa Profesa, kisha mwingine, na wa tatu akatoka nje kabisa bila kumtazama mtu. Fundi akapiga simu, dereva wa teksi akaja, wakamburuta Profesa wawili wawili mpaka kiti cha nyuma. Fundi akadhani mama atabaki. Mama akaingia, akaketi kando ya mgonjwa, gongo kati ya magoti.

"Mama, si lazima uje."

"Funga mlango, twende."

Gari likashika barabara. Fahamu zilikuwa zikimpotea Profesa na kumrudia, kichwa kikimlalia mama begani, na mama hakukiondoa. Fundi, aliyekaa mbele kando ya dereva, akawatazama kwenye kioo akadhani mama yake amesamehe, na moyo ukamuuma kwa hasira, maana mama za watu huwa wanasamehe mapema mno. Kisha akamsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi:

"Ulisema nini kule chumbani?"

Profesa akajikakamua. "Hukukosea."

"Na keki?"

"Haikuwa keki."

Fundi akaona mdomo wa mama unacheza, mikunjo yote ya uso ikilegea, na kwa mara ya kwanza tangu mguu uondoke akamwona mama yake analia bila kujificha. Taa za hospitali zilikuwa bado mbali. Profesa akafumba macho. Mama akamgonga mguuni kwa gongo, si polepole.

"Usilale," alisema. "Sema tena."