Kifaru Juu ya Meza ya Shanga

Kiharusi kilimkuta Chiku na sindano mkononi. Hakikuwa kikubwa, daktari alisema kilimpitia tu, lakini kilipopita kiliondoka na vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vidole vilikuwepo, vilikunjika na kukunjuka, ila havikuwa na usikivu. Akivitaka vibane, vinatafakari kwanza.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kushukuru Mungu na kusonga mbele. Chiku alikuwa fundi wa shanga. Kwa miaka thelathini, kwenye baraza moja la Mtaa wa Narung'ombe, alidarizi magauni ya maharusi, shanga moja baada ya nyingine, na walikuwepo mabinti walioolewa kwa gauni la Chiku kama mama zao walivyoolewa. Sasa cherehani ilikuwa ya mwanawe Shamsa, ndani, na yeye alibaki barazani na meza yake, akimwaga shanga, akiinama kuziokota, akizimwaga tena.

Binti mmoja wa kliniki ya mazoezi ya viungo, alikopelekwa baada ya kuugua, ndiye aliyemwambia aziache shanga kwa muda. Alisema ukirudia kazi uliyoizoea, kila siku utaulinganisha mkono wa leo na mkono wa jana, na wa jana utashinda. Tafuta kazi ya vidole ambayo hujawahi kuifanya, alisema, ili uanze pamoja na mkono wako.

Ndivyo Chiku alivyofika kwa Zulekha, anayeuza midoli ya mitumba pale Mchikichini. Alikuwa anatafuta zile picha za kukatwakatwa ambazo watoto huziunganisha. Zulekha hakuwa nazo, lakini kutoka chini ya rundo alivuta boksi lililobonyea pembe, halijafunguliwa, lina picha ya kifaru cha vita kikitimua vumbi barabarani, na askari watatu wameketi juu yake. Alisema lina mwaka wa pili pale. Watoto wanalipenda, wazazi wakisikia kwamba mdoli wenyewe lazima uuunde kwanza, wanalirudisha.

"Vipande vyake ni vidogo?" Chiku aliuliza.

"Da Chiku, vingine ukipiga chafya umevipoteza."

Akalichukua. Hakufikiria vita hata kidogo. Alifikiria vipande.

Nyumbani, alipolifungua, hakukuta kifaru. Alikuta mabamba ya plastiki ya kijani, vipande vimening'inia kwenye vijiti kama shanga kwenye uzi, kila kimoja na namba yake, na karatasi ndefu ya michoro. Maandishi yake hakuyajua ni ya wapi, lakini michoro aliielewa mara moja, maana ilikuwa patani, kama zile za kukatia nguo. Kipande hiki kinakaa hapa, kile kinafuata, kama bega na mkono wa gauni.

Kuielewa patani ni kitu kimoja, kuishona ni kingine. Siku ya kwanza alinyonyoa gurudumu kwa kulizungusha kwenye kijiti chake, likamegeka. Siku ya pili alitumia gundi kali ya dukani, akagundisha kidole chake na ubavu wa kifaru, na kwa kuwa kidole chenyewe kilikuwa kati ya vile vitatu, hakujua mpaka alipotaka kunyanyuka. Aliyemnasua ni Marcelino, fundi viatu aliyegawana naye baraza kwa miaka tisa, mtu wa maneno machache, ambaye alikuja na kitambaa na maji ya moto yenye sabuni, akalegeza polepole bila kucheka.

"Gundi nyingi haishiki zaidi, dada Chiku," alisema. "Inachafua tu. Weka tone, halafu uwe na subira."

Tangu siku ile Marcelino akawa kama mwalimu wa gundi. Alimwonyesha kuichovya kwa ncha ya kijiti cha meno. Shamsa naye alimtafutia kwenye simu video za mwanamume mmoja ambaye sura yake haionekani, mikono tu. Chiku aliizima sauti akaangalia mikono. Hapo ndipo alipojifunza kukata vipande badala ya kuvinyonyoa, na kikatio cha kucha kikafaa kabisa. Alijifunza kusugua makovu ya plastiki kwa tupa ya kucha, kuosha vipande kwa sabuni ili rangi ishike, na kujaribisha kila kiungo kikavu kabla ya kukitia gundi. Magurudumu yalikuwa mengi, kila moja nusu mbili. Alitengeneza mawili kwa siku. Wiki ya pili yakafika manne. Jioni moja alibana kijiti cha meno kwa vidole vitatu vya kulia na hakikudondoka, akakaa akikitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa.

Kisha mnara wa juu ukakaa mahali pake, na mtutu ukachomoza, na kwa mara ya kwanza kitu kile juu ya meza ya shanga kikawa kifaru.

Kesho yake Marcelino alihamisha kigoda chake. Alikwenda upande wa pili wa ngazi, juani, karibu na muuza miwa, akageuza na mgongo. Chiku alidhani ni harufu ya rangi, akaipeleka rangi ndani. Marcelino hakurudi. Walisalimiana kama kawaida, akapokea chai Shamsa alipompelekea, lakini hakurudi.

Masika ndiyo iliyomrudisha. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, njia ya Jangwani ikafungwa kwa maji, wateja wa ng'ambo wakakatika, hata wasukuma mikokoteni wakajikunyata chini ya vibaraza. Upande wa muuza miwa ulikuwa unavuja. Marcelino akalazimika kuja chini ya bati, hatua mbili kutoka mezani, na kifaru kikiwa pale, kimekamilika, kinasubiri rangi ya mwisho.

Chiku alimwuliza amemkosea nini.

Marcelino aliendelea kushona soli mpaka uzi ukaisha. "Hujanikosea wewe," alisema. "Ni ile minyororo ya kutembelea. Ardhi inatetemeka kabla hujakiona. Unakisikia kwa tumbo."

Akamweleza, si kwa mpangilio, vipande vipande. Chiku alijua kwamba Marcelino ni mtu wa Newala. Hakujua kwamba alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, na kwamba alivuka mto akiwa na miaka saba, pamoja na mama yake na mdogo wake Severa, wakikimbia vita vya kwao. Siku moja kabla ya kuufikia mto walikuwa barabarani na watu wengine wengi, kifaru kikaja nyuma yao. Watu walitawanyika. Yeye na Severa walilala kwenye majani marefu. Mama alibaki amesimama kando ya barabara na mzigo wake kichwani, kikampita karibu hivi, alisema, akionyesha kutoka alipokaa mpaka mezani.

Mvua ilipokatika Chiku alikirudisha kifaru ndani ya boksi na kulitia uvunguni mwa kitanda. Usiku ule alijiuliza ilikuwaje mikono iliyovisha maharusi maisha yake yote ikafurahia mtutu ulivyokaa sawasawa. Maana ilifurahia, hilo hakuweza kulikana. Akashinda siku tatu bila kazi, vidole vikaanza tena kutafakari.

Siku ya nne Marcelino aliuliza kifaru kimekwenda wapi.

"Nimekifungia. Sikutaka kikukumbushe."

"Mimi nakumbuka hata kisipokuwepo." Akatia nta kwenye uzi. "Kinachonisumbua ni ile picha ya kwenye boksi. Kuna kifaru, kuna askari watatu, kuna barabara. Hakuna mtu mwingine. Ile barabara ilikuwa na watu, dada Chiku."

Chiku alikwenda ndani, akarudi na boksi, akaitazama picha ile upya. Ilikuwa kweli. Vumbi lilichorwa vizuri, hata misumari ya minyororo ilihesabika, na barabara ilikuwa tupu.

Akamwambia Marcelino kwamba atamtengeneza mtu, yule mama.

Hakuwa na kipande cha mtu wa namna hiyo, kwa hiyo alianza kama anavyoanza gauni, kwa kipimo. Askari wa boksi angesimama angefikia urefu wa kidole cha mwisho, basi na mama naye hivyo hivyo. Mifupa aliifanya kwa waya mwembamba wa kufungia maua ya harusi, nyama kwa udongo wa kuzibia nyufa. Kitenge kilimtoa jasho, maana kitambaa chochote, hata hariri, kwenye mwili mdogo namna ile kilionekana kama godoro. Mwishowe alilowesha karatasi laini ya kufutia mikono kwenye gundi nyeupe, akaizungushia kiunoni ikiwa mbichi, na ilipokauka ilikuwa na mikunjo ya kitenge cha kweli. Marcelino alisema kilikuwa cha bluu, kimepauka.

Mtu wa kwanza alikuwa anatembea. Marcelino alitikisa kichwa, mama alikuwa amesimama. Wa pili alisimama, akageuza uso kukitazama kifaru. Hakugeuka, alisema Marcelino. Wa tatu alisimama kwa kunyooka, uso mbele, mikono yote miwili imeshika mzigo. Marcelino alimtazama muda mrefu akasema siye, na Chiku, ambaye mkono ulikuwa unamuuma mpaka begani, alimwomba basi amweleze huyo mama alikuwaje, maana yeye hakuwepo.

Marcelino alisimama. Alichukua gunia la soli, akajitwika kichwani, akalishika kwa mkono wa kulia. Alisogea ukingoni mwa baraza na kutazama mbele, mtaani. Mkono wa kushoto aliupeleka nyuma ya kiuno, kiganja kimeelekea chini, akawa anaukandamiza hewani, taratibu, mara mbili, mara tatu. Kama mtu anayetuliza maji. Wachukuzi wawili waliokuwa wanapita walimtazama, wakaendelea na njia yao.

"Alikuwa anatuambia tulale," alisema, bado amesimama hivyo, mgongo kwa Chiku. "Hakuweza kugeuka, wangejua tupo. Mkono ndio uliosema."

"Mlilala?"

"Mpaka jua lilipozama. Mama amefariki juzi juzi tu, mzee kabisa, kule Newala. Sikuwahi kumwuliza chochote kuhusu siku ile."

Mkono ule ulimchukua Chiku asubuhi tano. Udongo haukufaa, vidole vilikatika. Alikumbuka kwamba kwenye video yule mtu alipasha kijiti cha plastiki juu ya mshumaa, kikalegea, akakivuta pande mbili mpaka kikawa uzi. Naye akavuta nyuzi, akakata vipande vitano visivyozidi punje ya mchele, akavipanga kwenye kiganja kimoja kimoja, mkono wake wa kushoto umeushika wa kulia usitikisike. Dole gumba lilidondoka mara nne. Hakuna patani iliyomwongoza sasa. Alimwona akilini Marcelino alivyosimama, akajaribu tena, na katika kujaribu huko aliacha kabisa kuulinganisha mkono wake na wowote mwingine.

Ubao ulikuwa kipande cha plaiwudi, ardhi ni udongo wa kopo la maua uliochekechwa, majani ni nyuzi za katani. Kifaru kilipakwa rangi tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kikatiwa vumbi mpaka juu ya magurudumu. Mama alisimama kando yake. Hakukuwa na watoto. Majani yalitosha.

Marcelino alipoitwa hakuitazama kazi ile kutoka juu. Alipiga magoti sakafuni, akauzungusha ubao, akaweka jicho chini usawa wa majani, nyuma ya mama. Alikaa hivyo mpaka mteja mmoja akaja kuchukua viatu vyake, akasubiri, akaamua kupitia baadaye.

Aliponyanyuka aliuliza kama yule mama anaweza kutoka.

"Nataka kumpeleka Mbagala kwa Severa," alisema. "Yeye nilimlaza uso chini siku ile. Nilimkandamiza kichwa, hakuona kitu. Miaka yote anaamini mama alituacha majanini akaenda mbele. Hajawahi kulisema, lakini najua. Mama alipozikwa hakutaka kushika mchanga."

Chiku alipitisha wembe chini ya nyayo, polepole, kwa mkono wa kulia. Marcelino alimlaza mama kwenye kopo tupu la dawa ya viatu, juu ya pamba, akafunga kifuniko.

Jumatatu alirudi na kigoda chake upande wa zamani. Chiku alikuwa amepokea kazi ya kwanza tangu augue, kola tu, ya shangazi wa bibi harusi asiye na haraka, na alikuwa ametunga safu mbili ambazo zamani angezimaliza wakati chai inapoa. Kifaru kilikuwa kwenye rafu ya vitambaa, na kando yake udongo ulikuwa na madoa mawili ya nyayo. Hakutaka kuyaziba.

Alimwuliza Marcelino, Severa amesema nini.

Marcelino alisema alimweleza mkono ulikuwa unasema nini. Severa aliugusa ule mkono kwa ncha ya kidole, akamchukua yule mama akaenda naye jikoni, akakaa huko muda. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na alikuwa anabisha.

"Anabisha nini?"

"Anasema kitenge hakikuwa cha bluu. Kilikuwa chekundu, yeye ndiye aliyekuwa amebebwa nacho."

Chiku aliweka sindano chini. Aliuliza kama yule mama arudishwe ambadilishe rangi.

"Usibadilishe," alisema Marcelino, akivuta kiatu cha kwanza cha siku. "Nimemwambia aje mwenyewe Jumamosi abishane na fundi."