Teke la Borghild

Jioni ya onyesho la kwanza, Borghild Askevold alisimama kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa, mgongo amewapa wenzake, akingoja teke. Msimcheke. Katika jumba lile la maigizo la Bergen, siku ya kwanza mwigizaji hatoki mbele ya watu mpaka wenzake wamsukume kwa goti makalioni, waseme "Tvi, tvi!" kana kwamba wanamtemea mate; hiyo ndiyo bahati yake. Na hashukuru mtu. Ukishukuru tu, umejiletea nuksi.

Borghild alikula mateke hayo maisha yake yote: akiwa kijakazi, akiwa mchumba, akiwa malkia, hata kwenye kumbi za vijiji vya wavuvi kule kaskazini, ambako walifika kwa basi, mapazia ya jukwaa yamefungwa juu yake. Hata wiki aliyomzika mumewe walimpiga. Lakini sasa nyonga ni ya chuma, nishani ya mfalme iko ukutani, na "we Borghild" amegeuka "mama". Goti hakuna tena.

"We Torgeir, hunioni?" akamuuliza kijana aliyesimama karibu yake.

"Nakuona, mama. Kila la heri."

"Kila la heri ya nini, unanizika? Nipige teke!"

"Mama, na nyonga hiyo? Nikikuvunja, mji mzima utanila nyama!"

Wakacheka kwa adabu, wakampisha, wakaendelea kupigana magoti wao kwa wao na kelele tele. Borghild akajibanza ukutani. Nyumbani hana mtu. Jamaa zake ndio hawa. Kama na hawa wamemtoa, abaki na nani?

Akaingia jukwaani na kinyongo chake. Katika mchezo ule yeye ndiye bibi, Torgeir ndiye mjukuu. Mawazo yakiwa bado kule ujiani, Borghild akaruka ukurasa mzima, akasema maneno ya kufunga sehemu ya kwanza. Hotuba ya Torgeir, ile aliyoihangaikia tangu theluji ya kwanza, ikapotea hivihivi. Pazia likashuka. Watu, masikini, hawakujua lolote, wakapiga makofi.

Torgeir alimfuata nyuma ya pazia, uso umemwiva.

"We kikongwe, umenimeza! Hotuba yangu nzima! Akili umeziacha wapi?"

Borghild alijua amekosa, tena kosa kubwa, na aibu aliiona. Lakini moyo, loh, moyo ulimruka kwa furaha.

"Na wewe ulikuwa umelala?" akamjibu, mikono kiunoni. "Ungenidaka! Mwigizaji gani anasimama kama gogo?"

Akangoja apigwe teke jingine la maneno. Alikuwa na majibu tele.

Torgeir akamtazama zile mvi, na hasira zikamtoka.

"Nisamehe, mama. Sijui nimeingiwa na nini."

"Usiniombe msamaha. Endelea."

"Hapana, mama. Kosa langu."

"Kosa langu mimi, mpumbavu we! Nitukane!"

"Umechoka, mama. Hujambo lakini?"

Akamletea kiti, akakipangusa kwa mkono wake mwenyewe, akaondoka kwa kunyata kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Wengine nao wakashusha sauti. Borghild akakikalia kile kiti, kwa sababu nyonga, kusema kweli, ilikuwa inamuuma.