Mbingu za Karatasi ya Manila

"Hivi shoga, mwanamume mzima na ndevu zake anakaaje sakafuni kutazama katuni na mtoto?"

Jirani aliuliza swali hilo akiwa amekuja kupimwa gauni, mikono ameinua juu, futi imemzunguka kifuani. Fundi cherehani alicheka na pini zake mdomoni, akasema kila mume ana vituko vyake. Lakini neno lilimwingia. Jioni ile alimwambia mumewe, kama mnataka kutazama vikatuni vyenu, fungeni pazia, wateja wangu wanawaona. Mume hakubisha. Alifunga pazia, na tangu hapo, kila walipotazama, halikufunguliwa mpaka kanda iishe.

Mume huyo alikuwa mchora mabango. Kutwa alichora vichwa vya wateja wa kinyozi, mapaja ya nyama ya bucha, na herufi nyekundu za kumkamata mpita njia. Akirudi, alijisugua rangi kwa mafuta ya taa, akamwita binti yao wa pekee, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama ya shavuni. Wakaweka kanda kwenye deki. Katuni yenyewe ilikuwa ya Kijapani: msichana mpeleka barua, amepanda mbuzi mkubwa kama farasi, akivuka milima kutafuta nyumba ambayo hakuna aliyemwelekeza. Kidoti alimpenda msichana, kwa macho yake kama visahani na nywele zilizopepea hata pasipo upepo. Baba yake alipenda kilichokuwa nyuma ya msichana.

"Simamisha hapo!" Fundi aliwasikia kutoka upande wake wa pazia. "Wingu lile ni rangi gani?"

"Jeupe, baba."

"Tazama kwanza. Usinijibu kwa mdomo, nijibu kwa macho."

Picha ilikuwa imeganda, chenga zikiipita katikati.

"Lina zambarau kwa chini."

"Ehee! Sasa unatazama. Kuna mtu huko kwao alikaa kitako akalipaka lile wingu kwa brashi. Akaja mwingine na msichana wake aliyemchora kwenye plastiki angavu, akampitisha mbele ya wingu. Kufumba na kufumbua, wingu limekwenda na maji. Na yule bwana hakulipua kazi, mwanangu. Angeweza kulipua, nani angejua?"

Hakuna aliyemwita fundi aje kuliona wingu, naye hakuinua pazia. Sare za shule zilikuwa zinamngoja, na zisingejishona.

Baadaye baba na mwana wakaanza kuchora wenyewe. Chini ya kitanda zikajaa karatasi za manila na plastiki angavu za kufunikia vitabu. Nani alichora nini, fundi hakuuliza.

Mchora mabango alikufa kwa kifua. Waombolezaji hawajamaliza kuondoka, fundi akamwambia Kidoti sasa akae kwenye cherehani ajifunze kazi. Kidoti akasema yeye atachora.

"Kuchora kulimpa nini baba yako?" mama aliuliza, na watu wakasikia.

Kidoti aliondoka. Simu zake zikawa za salamu na kwaheri. Kila alfajiri fundi alipiga magoti akamwomba Mungu kitu kimoja tu: mwanangu arudi, akae humu ndani hata siku nzima, tuzungumze kama watu.

Mungu hakuwa na haraka. Lakini siku moja simu iliita, na sauti ya Kidoti ilikuwa na uchangamfu ambao mama yake alishausahau. Alikuwa ameajiriwa mahali panapotengenezwa katuni, na sasa alikuwa amekubaliwa kutengeneza katuni fupi ya kwake mwenyewe.

"Mama, ile michoro yetu na baba ipo? Nataka kuitumia hiyohiyo. Niambie ipo."

"Ipo, mwanangu. Nimeitunza kama mboni ya jicho."

Wala hakusema uongo.

Kidoti alifika asubuhi, akamkuta jirani yuleyule amesimama katikati ya chumba, amevaa gauni lenye mkono mmoja.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba," jirani akasema. "Loo, umenenepa! Huko wanalipwa watu kwa kuchora vikatuni kweli, au mnatudanganya sisi washamba?"

"Wanalipwa, mama mdogo. Tena wana ndevu zao."

Walicheka wote. Fundi aliitikia moyoni amina, akaburuta sanduku la bati, akafungua. Ndani, kati ya vipande vya flana ili zisikwaruzane, zilikuwa plastiki zote, moja baada ya nyingine: msichana ameinama, msichana ameruka, mbuzi amegeuza shingo, kwato hewani. Hakuna hata moja iliyokuwa na vumbi.

Kidoti alifunika mdomo. "Mama. Umeziweka hivi miaka yote?"

"Si ndizo kazi zenu?"

Binti aliinyanyua mojawapo kwenye mwanga wa dirisha. Msichana akasimama juu ya cherehani, halafu, Kidoti alipogeuka, akapita juu ya tumbo la jirani, na jirani akapiga kelele ashushwe. Kidoti akamwonyesha mama yake namna wino ulivyo mbele na rangi ikapakwa kwa nyuma ili mstari usifunikwe, na namna nywele zilivyochorwa kwa mkono wa mtoto aliyekuwa bado anakosea vidole. Fundi aliweka miwani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama yule msichana usoni. Alimwona ana uso wa mtu anayetaka kulia na amejizuia, akashangaa mtoto wake alikuwa na umri gani alipoujua uso huo.

"Mzuri," alisema. "Mungu anajua, mzuri."

"Bado hujamwona. Ngoja akae kwenye mbingu yake." Kidoti alipekua chini ya flana. "Ziko wapi mbingu?"

"Mbingu zipi?"

"Za baba. Mimi nilichora watu, baba alipaka mbingu. Kwenye manila. Kubwakubwa, za buluu."

Macho ya fundi yalikwenda ukutani yenyewe, na ya Kidoti yakayafuata.

Pale ukutani, kwenye msumari, zilining'inia karatasi za vipimo, zile ambazo fundi huzilaza juu ya kitambaa na kuzifuatisha kwa chaki kabla ya kukata. Kola, mikono, migongo, vifua vya kila saizi. Ngumu, nzuri, za kudumu. Kidoti alishusha karatasi ya mkono wa gauni, akaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na machweo, rangi ya chungwa iliyokolea ikififia polepole hadi waridi, na ukingo wa wingu wenye zambarau kwa chini. Wingu lilikatika penye kwapa.

"Hazikuwa na kitu," mama alisema. "Kidoti, hazikuwa na mtu hata mmoja. Nilidhani ni karatasi mlizozipaka mkaziacha. Zenye watu nilizitunza zote, si umeona?"

"Karatasi tu, mwanangu," jirani akadakia. "Hata hili gauni langu limetokana na..."

"Jirani, nenda nyumbani."

"Na mkono mmoja?"

"Nenda, tafadhali."

Jirani alijitanda kanga, akatoka akinung'unika.

Kidoti alikuwa ameshashusha zote. Alizipanga mezani akijaribu kuziunga, mgongo wa mtoto na kifua cha mtu mzima, asubuhi na mvua. Hazikukutana. Palipokatwa shingo palikuwa na tundu.

"Vipande vilivyobaki?"

"Nilikuwa nawashia jiko."

Binti akakaa. Alitamka polepole, kama anayejisomea. "Alikuwa anapaka moja hata mwezi mzima. Alikuwa anakohoa na anapaka. Hiki ndicho kitu pekee alichokichora bila mtu kumwagiza."

"Hamkuniita," fundi alisema, na sauti yake ikawa kali kuliko alivyotaka. "Miaka yote ile mmefunga pazia mnacheka. Nilijuaje? Kuna aliyesema, mama Kidoti, njoo uone?"

"Nani alisema lifungwe?"

Fundi alimwona mwanawe anavyopitisha kidole kwenye ule ukingo wa zambarau, akatamani aseme kitu cha kumfuta machozi kabla hayajatoka, kitu cha kumweka pale mpaka chakula kiive. Akakipata, na alikitoa kwa moyo wake wote.

"Usilie, mama. Nitakununulia manila mpya, nyingi tu. Wewe si fundi sasa kumshinda hata yeye? Utapaka zingine. Ni buluu tu, mwanangu."

Kidoti aliacha kupitisha kidole. Akaulaza mkono wa gauni mezani, akazirudisha plastiki kwenye flana zake, akafunika sanduku. Akavaa viatu mlangoni, akafunga kamba kwa utulivu, mguu wa kwanza, mguu wa pili, akachukua mkoba wake, akatoka.