Mofu Imehamia Shambani

Kipaza sauti cha kijiji cha Mofu kilitangaza kwamba Alhamisi mwenyekiti Venance atasikiliza kero za wananchi ofisini. Jambo jema, ila mpunga ulikuwa unaiva, na mpunga ukiiva Mofu nzima huhamia shambani, kila familia juu ya dungu lake, kichanja kirefu cha miti, kulinda ndege tangu alfajiri. Mwaka jana mwenyekiti aliita mkutano majira hayohayo, akakuta mabenchi matupu, akapeleka taarifa kwamba Mofu haina kero.

Taarifa hiyo ilimkereketa Febronia. Yeye alikuwa nayo kero, tena inamhusu mwenyekiti mwenyewe, aliyezungushia uzio kiwanja chake akaziba njia ya mashambani. Mavuno yaliyopita Febronia alizungukia kwenye maji ya bondeni, akateleza, gunia likalowa na mpunga ukaota. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mpunga wa safari hii ukilowa tena, nyumbani kwake hakuna kitakachopikwa.

Alhamisi alimwachia jirani dungu, akaenda ofisini. Aliwakuta Venance na mtendaji Getrude wanatazamana na mabenchi. Venance akamwamkia shikamoo, maana mama yule alimzidi umri, kisha akalalamika kwamba watu hawapendi mikutano.

"Marahaba, mwanangu," Febronia akasema. "Watu wapo. Wafuate waliko."

Akaondoka zake, ndege hawangoji. Venance akacheka, mkutano gani huo wa juu ya madungu. Getrude hakucheka. Alishavaa mabuti, akasema watapita wanakopita wananchi.

Basi mheshimiwa naye akazunguka. Alifika mashambani amelowa hadi kiunoni, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope. Watu walimtazama kutoka juu, madebe ya kufukuzia ndege mkononi. Febronia alikuwa kwenye dungu lake, na hakushuka.

"Mwenyekiti, kero yangu sina haja ya kuieleza. Umeivaa."

Madebe yakalia bonde zima. Uso wa Venance ulikunjamana, kwani nani anapenda kuumbuliwa mbele za watu? Lakini alikuja kusikiliza, na alikuwa amesikia. Aliahidi uzio utatoka siku hiyohiyo, kisha akawasikiliza na wengine, dungu kwa dungu, mpaka jua likapoa.

Jioni, kutoka kule juu, Febronia alimwona aking'oa nguzo kwa mikono yake mwenyewe. Alijivunia Mofu yake, na kwa mara ya kwanza akamjivunia na mwenyekiti. Akagonga debe kwa nguvu zote, ingawa ndege walikwisha kwenda kulala.