Kabureta Haina Kosa

Kusema kweli, Bizumuremyi alikuwa na majivuno. Tangu avuke mpaka kutoka Goma na sanduku lake la spana, hakuna gari lililowahi kumshinda pale Gisenyi, na kama lilikuwepo, yeye hakulitaja. Sasa kigari cha Mzee Ndahiro kilikuwa kinamtia aibu. Kilikuwa MG ya Kiingereza, ya wazi, ambayo Mzee alikuja nayo kutoka Bukoba miaka ile wakimbizi waliporudi nyumbani Rwanda. Kilitoa moshi mweusi, kilinuka petroli, na plagi zake zilijaa masizi kama sufuria ya kuni.

Mara tatu alifungua kabureta. Alibadilisha sindano, akapima boya, akapandisha nati ya chini ili petroli ipungue. Kila mara gari lilitoka gereji likinguruma vizuri, na kila mara lilirudi baada ya siku mbili likikohoa.

"Linakunywa kuliko ng'ombe wa Mudende," Mzee alimwambia kwa Kiswahili chake safi cha Tanzania. "Au umezeeka, fundi?"

"Mi sijazeeka, Mzee. Ile kabureta iko muzuri. Bon, leo tutaenda wote, nione vile inafanya mu njia."

Wakatoka saa sita mchana, jua kali, Mzee akiwa kwenye usukani, wakashika njia ya Rugerero. Hawajafika mbali, Mzee akanyoosha mkono akavuta choki, ile kamba ya kuiongezea injini petroli wakati wa baridi, akazungusha kishikio chake ibaki imevutwa.

"Asubuhi hizi zina baridi," alisema.

Bizumuremyi akairudisha polepole. Baada ya dakika chache Mzee akaivuta tena, kwa maneno yale yale, kana kwamba hajawahi kuyasema. Moshi ukafuka nyuma yao. Penye njia panda alichelewa kukanyaga breki. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliruka pembeni, nusura wamgonge. Mzee hakumwona kabisa.

Walipofika nyumbani kwake, Mzee alirudisha choki mahali pake kabla ya kushuka, kama alivyozoea maisha yake yote. Ndiyo maana kule gereji hakuna aliyewahi kuikuta imevutwa. Lo, kumbe mara tatu zote fundi alikuwa anatibu mzima.

Kabatesi, mke wa Mzee, alikuwa anawasubiri getini. Mumewe alipoingia kunawa mikono, alimsogelea fundi.

"Umeona?"

"Nimeona, Mama."

"Mimi siwezi kumwambia. Nikimwambia, nitakuwa nimemmaliza. Lakini asiendeshe tena, fundi, nakuomba."

Jamani, mtu afanye nini? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wahenga hawakusimama pale mbele ya Mzee Ndahiro, akijifuta mikono kwa taulo, akingoja jibu la fundi wake. Bizumuremyi alikuwa na ukweli mdomoni, na ukweli ule ungeliokoa jina lake. Akaumeza.

"Mzee, imenishinda," alisema. "Ile kabureta imekufa, na spea yake haiko. Mi sijui tena kuitengeneza. Uniachie gari, ibaki ku gereji."

Mzee alitoa ufunguo mfukoni. Machozi yalimlengalenga.

"Gari hilo ndilo lililotuleta nyumbani, mimi na mama huyu," alisema. "Nami nilidhani wewe ni fundi."

Akampa ufunguo. Maneno yale yalimchoma Bizumuremyi, tena sana, lakini njiani alijifariji kwamba baya limeshasemwa na limekwisha.

Kesho yake mapema Mzee akaja gereji kwa miguu, kavaa kofia yake ya safari, anatabasamu. Mafundi wenzake Bizumuremyi waliacha kazi wakamsalimia.

"Habari za kazi, fundi? Gari langu tayari?"

Bizumuremyi alimwangalia usoni, akatafuta jambo la jana, asilione hata chembe. Akaweka spana chini. Wenzake walikuwa wanasikiliza.

"Mzee," akaanza upya, "imenishinda."

Uso wa Mzee ukashuka vilevile, kama mtu anayeisikia habari ile kwa mara ya kwanza, na machozi yakamlengalenga. Alisema alidhani huyu ni fundi, akageuka, akaenda zake taratibu.

Siku iliyofuata alikuja tena.